Je, wajua Pedro Infante, mwimbaji na mwigizaji wa filamu wa Mexico, aliwezaje kuimba kwa sauti ya chini mbele ya mariachi?

Mariachi, bendi za kienyeji za Mexico, hupiga muziki wa uwanjani. Kuna fidla kadhaa, tarumbeta, vihuela, gita dogo lenye nyuzi 5, na guitarrón, gita nene la besi lenye nyuzi 6. Mpigaji wa guitarrón huvuta nyuzi mbili kwa pamoja, noti ileile juu na chini, ili besi isikike mbali bila umeme. Mbele ya kelele hiyo, mwimbaji wa ranchera, nyimbo za kijijini za Mexico, alitegemewa atoe sauti ya kifua. Jorge Negrete, nyota wa nyimbo hizo aliyesomea uimbaji wa opera, aliimudu kazi hiyo kuliko wengi.

Pedro Infante alipita njia nyingine. Alizaliwa Mazatlán, Mexico, tarehe 18 Novemba 1917, akakulia Guamúchil katika jimbo la Sinaloa, mtoto wa mwanamuziki, na ujanani akafanya kazi ya useremala. Mwaka 1939 alihamia jiji la Mexico, akapata nafasi ya kuimba katika redio XEB. Mwaka 1943 akaanza kurekodi santuri na kampuni ya Peerless.

Redioni na studio, kipaza sauti hukaa karibu na mdomo. Ukikipigia kelele, sauti inakwaruza. Ukiimba kwa nusu ya nguvu, hata pumzi kabla ya neno inasikika, na msikilizaji anahisi anaimbiwa yeye peke yake. Waimbaji wa bolero, nyimbo za mapenzi za taratibu, walilijua hilo zamani, ila wao walisindikizwa na magita laini. Kuuleta ulaini huo kwenye mariachi ndiyo iliyokuwa kazi, na hapo anastahili sifa kubwa Rubén Fuentes, mpiga fidla na mpangaji wa muziki wa bendi ya Mariachi Vargas de Tecalitlán.

Mtindo uliotokea unaitwa bolero ranchero. Mwendo ni wa bolero, mapigo 4 ya taratibu, na vihuela na guitarrón ndizo zinazoubeba. Fidla hushika noti ndefu chini ya sauti. Tarumbeta hunyamaza mwimbaji anapoimba, kisha hujibu mwishoni mwa mstari, mara nyingi zikiwa na kizibo kwenye mdomo wake mpana ili makali yapungue. Bendi nyingi zinazojaribu mtindo huu huharibu hapohapo: tarumbeta zikiingia katikati ya mstari, mwimbaji hulazimika kupaza sauti, na mara moja bolero imekwisha, imebaki ranchera ya polepole.

Filamu nazo zilimsogeza karibu zaidi na watu. Katika Nosotros los pobres, iliyoongozwa na Ismael Rodríguez, yeye ni Pepe el Toro, seremala wa mtaa wa maskini. Yeye na mwigizaji mwenzake Blanca Estela Pavón wanauimba wimbo wa Amorcito corazón wakijibizana kwa mluzi. Mtu anayepiga mluzi huku akiendelea na shughuli zake hahitaji sauti ya opera, na nadhani ndiyo maana watu wa kawaida walimwona ni wao.

Alipenda mno urubani. Mwaka 1949 alianguka na ndege, akaumia vibaya kichwani hadi akawekewa bamba la metali kwenye fuvu, lakini hakuacha kuruka. Tarehe 15 Aprili 1957, ndege ya mizigo aliyokuwa mmoja wa marubani wake ilianguka Mérida, Yucatán, muda mfupi baada ya kupaa. Alikuwa na miaka 39. Mwaka huohuo tamasha la filamu la Berlin lilimpa tuzo ya mwigizaji bora kwa filamu ya Tizoc, naye ameshazikwa kwenye makaburi ya Panteón Jardín, jijini Mexico. Kila Aprili mashabiki hufika kaburini kwake na mariachi, wakaimba.

Mwimbaji Javier Solís aliuendeleza mtindo wa bolero ranchero hadi alipofariki mwaka 1966. Anayetaka kuusikia kwa Infante mwenyewe aanze na Cien años, utunzi wa Fuentes na Alberto Cervantes, na atumie spika za masikioni: kwenye spika kubwa zile pumzi zake hupotea.