Kaseti ya Mchezo Isiyohifadhi Haijafa

Wakusanyaji kadhaa wa kaseti za zamani za michezo ya video hapa Nairobi huamini kwamba kaseti iliyoacha kuhifadhi hatua za mchezaji imekufa, nao huitupa. Sivyo. Mchezo wenyewe umo katika chipu isiyohitaji umeme ili kuutunza. Kilichokwisha ni betri ndogo iliyolehemiwa ndani, kama ile ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987, ambayo fundi wa Luthuli Avenue mwenye mkono mtulivu anaweza kuibadilisha. Pokémon Gold, ambayo betri yake huendesha pia saa, huishiwa mapema zaidi. Kwa hiyo andika tarehe ya betri mpya kwenye kibandiko na ukibandike kwenye kikasha cha kuhifadhia, kamwe si juu ya lebo ya kiwandani, kwani kibandiko kikibanduliwa huichuna, na hasara hiyo hairekebishiki.