Si kisu kinachosambaza saratani

Dodoma, kuanzia Majengo hadi Kongwa, utasikia: uvimbe wa saratani ukiguswa na kisu, unasambaa. Basi mtu anakaa na kidonda cheusi unyayoni, anakifunga kitambaa, anavaa kandambili, mpaka mitoki inavimba kinenani. Kisu hulaumiwa kwa kuwa wengi hufika wamechelewa. Ugonjwa ulishasafiri kabla daktari hajavaa glavu.

Siku hizi wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi kama hiyo ya unyayoni, iliyofika kwenye mitoki huweza kuanzishiwa dawa, upasuaji ukafuata. Si kwamba kisu kinaogopwa. Dawa kama pembrolizumab huamsha kinga ya mwili, na uvimbe ukiwa bado upo, kinga inapata cha kujifunzia adui. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2023 lilipanga dozi 18 kwa kila mgonjwa: kundi moja lilipata 3 kabla ya kisu, jingine zote baadaye. Baada ya miaka 2, asilimia 72 ya kundi la kwanza hawakuwa wamerudiwa wala kuzidiwa. La pili, asilimia 49. Kisu kilikuwemo kote kote.

Bei, tusidanganyane, inatisha. Lakini doa likikatwa likiwa bado jembamba, mara nyingi dawa hizo hazihitajiki kabisa.