Kadhi na Hakimu wa Kikoloni: Mahakama za Kiislamu katika Falme za Kimalay

Tarehe 20 Januari 1874 wakuu wa Perak, moja ya falme za Kimalay zilizo leo nchini Malaysia, walitia saini Mkataba wa Pangkor, uliomtaka Sultani ampokee Rezidenti wa Kiingereza, yaani mshauri aliyewekwa na Waingereza, na kufuata ushauri wake katika mambo yote, isipokuwa yale yahusuyo dini na mila za Kimalay. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa ngao ya Uislamu. Mimi naona liliibana dini zaidi ya kuilinda, kwa sababu aliyekuja kuamua dini inaishia wapi ni mkoloni mwenyewe.

Mpaka huo haukuwapo awali. Sheria za Melaka, usultani wa kale wa Kimalay, za karne ya 15 zilichanganya fiqhi ya Kishafii na mila, nazo ziligusa wizi, mauaji na biashara. Chini ya Rezidenti, jinai, ardhi na mikataba vilihamia kwa mahakimu wa serikali, huku kadhi akiachiwa ndoa, talaka na makosa madogo ya kidini, utaratibu ambao wenyeji wa Zanzibar na mwambao wa Kenya watautambua mara moja.

Mwaka 1927 Mahakama ya Rufaa ya Majimbo ya Shirikisho ya Malaya (falme za Kimalay zilizounganishwa chini ya Waingereza) ilisikiliza shauri la Ramah dhidi ya Laton, lililohusu mali iliyochumwa na mume na mke katika ndoa. Iliamuliwa kwamba sheria ya Kiislamu si ya kigeni bali ni sheria ya nchi, kwa hiyo mahakama inapaswa kuijua yenyewe bila kuita mashahidi wa kuieleza. Uamuzi huo uliipa sheria hiyo heshima, lakini ulimnyima mwanachuoni nafasi ya kusikilizwa, na jaji ambaye hakuwahi kuisoma sharia ndiye aliyebaki kuifasiri.

Sheria ya mwaka 1948 ikaziondoa mahakama za kadhi katika ngazi za mahakama za shirikisho, zikabaki chini ya majimbo. Katiba ya 1957 iliuendeleza mgawanyo huo, Sultani akiwa mkuu wa dini katika jimbo lake. Mwaka 1988 kifungu cha 121(1A) cha Katiba hiyo kilizizuia Mahakama Kuu kuingilia mambo yaliyo katika mamlaka ya mahakama za sharia. Hata hivyo, mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho ya Malaysia, katika kesi ya watoto waliosilimishwa na mzazi mmoja bila ridhaa ya mwenzake, iliamua kwamba kifungu hicho hakiziondolei mahakama za kiraia uwezo wa kupitia maamuzi ya maofisa wa dini.