Alama ambazo wanafunzi huwapa wahadhiri hazipimi ubora wa chuo peke yake
Kila msimu wa kuomba vyuo huzunguka ujumbe kwenye magrupu: eti chuo bora ni kile ambacho wahadhiri wake hupewa alama za juu na wanafunzi. Sivyo. Katika utafiti wa madarasa ya fizikia uliochapishwa Marekani mwaka 2019, waliofanyishwa mazoezi darasani walifaulu jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara, ilhali wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Kuumiza kichwa huchosha, na uchovu hudhaniwa ni kutoelewa. Mhadhara mtamu huteleza tu, ukadhaniwa umeeleweka. (Maoni ya wanafunzi bado yana kazi: hufichua mhadhiri gani huchelewa, nani harudishi kazi.) Ukitaka uhakika, angalia ithibati ya kozi (idhini rasmi kwamba inakidhi viwango) na wangapi huhitimu kwa wakati. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.