Manowari zilipojipanga nyuma ya meli ya mafuta

Kila Mlango wa Bahari wa Hormuz, njia nyembamba ya kutoka Ghuba ya Uajemi, unapochafuka, watu wa bima na wa mizigo huniuliza swali lilelile: kwa nini zisipelekwe manowari zikasindikize meli? Wana haki ya kuuliza. Mimi huanza kuwajibu kwa tarehe 24 Julai 1987, karibu na kisiwa cha Farsi, ndani kabisa ya Ghuba.

Iran na Iraq zilikuwa vitani tangu 1980, na kila upande ulikuwa ukipiga meli za biashara. Kuwait, ambayo mafuta yake hayana njia nyingine ya kutokea baharini, iliomba msaada Moscow na Washington pia. Marekani ikakubali kusajili upya meli 11 za Kuwait na kuzipandisha bendera yake. Wengi hulichukulia jambo hili kama makaratasi tu, kumbe ndiyo ilikuwa nguzo ya mpango mzima. Manowari hulinda bendera. Meli ya nchi nyingine iliyoshambuliwa maili chache pembeni ilibaki kujitetea yenyewe. Wamarekani walipanua ulinzi huo mwishoni mwa Aprili 1988 tu.

Msafara wa kwanza ulikuwa na Bridgeton, meli ya mafuta yenye uwezo wa kubeba tani 400,000 hivi, meli ya gesi iitwayo Gas Prince, na manowari za kuzisindikiza. Walipita Hormuz salama, wakihofia zaidi makombora yaliyokuwa pwani ya Iran. Bomu lililotegwa majini liliwasubiri mbele. Bridgeton ililigonga, ikatoboka ubavuni, maji yakaingia kwenye baadhi ya matangi, na hakuna aliyejeruhiwa. Ikaendelea na safari.

Hapo ndipo manowari zilipohamia nyuma ya Bridgeton na kufuata mkondo wake. Mlinzi akajikinga kwa anayelindwa. Magazeti yalicheka, lakini makamanda walipiga hesabu sahihi: meli kubwa ya mafuta inaweza kupigwa na bomu la aina ile ikaendelea, ilhali manowari yenye bati jembamba ingeweza kuvunjika vipande viwili. Kosa lilifanyika mapema zaidi, pale msafara ulipotumwa bila chombo hata kimoja cha kutegua mabomu. Baadaye ndipo zikaletwa helikopta za kazi hiyo na meli za mbao za enzi za miaka ya 1950.

Kilichosaidia sana, kwa maoni yangu, ni kumwinda mtegaji. Septemba 1987 helikopta za Marekani ziliiona usiku meli ya Iran iitwayo Iran Ajr ikidondosha mabomu, zikaishambulia. Walioingia ndani walikuta mabomu mengine bado yamepangwa sitahani.

Hata hivyo utegaji haukukoma. Tarehe 14 Aprili 1988 mlinzi wa zamu kwenye manowari ya Marekani, USS Samuel B. Roberts, aliona mabomu matatu mbele. Nahodha akaamuru warudi nyuma taratibu, wakagonga jingine. Mkuku, uti wa mgongo wa meli, ulivunjika, chumba cha mashine kikajaa maji, na wanamaji wakayafunga kwa nyaya za chuma maungio yaliyokuwa yakiachia. Hakuna aliyekufa. Bomu lenyewe lilikuwa la muundo wa Kirusi wa mwaka 1908, la bei ya kutupa, na matengenezo ya meli yaligharimu karibu dola milioni 90. Wapiga mbizi walipoyapata mabomu mengine eneo lile, nambari zake zilifuatana na za yale ya Iran Ajr.

Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023 imetuonyesha sura nyingine. Huko manowari za Marekani na Ulaya zilidungua makombora na droni nyingi za Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, kazi ambayo zimeundwa kuifanya. Lakini Machi 2024 meli ya mizigo True Confidence ilipigwa na mabaharia watatu wakafa. Mwenye meli haangalii makombora mangapi yamedunguliwa. Anauliza bima ya vita ni kiasi gani wiki hii, na kama mabaharia wake watakubali kupita. Ndiyo maana kampuni kubwa za makontena ziliendelea kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na shehena ya Ulaya iendayo Mombasa na Dar es Salaam ikakawia, huku manowari zikiwa palepale Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu.