Karanga "kidogo kidogo" nyumbani? Jamani hapana

Wiki hii nimepigiwa tena. Mama ana mtoto wa miaka 5 mwenye aleji kali ya karanga, kasoma kwenye grupu la WhatsApp kwamba ukimpa kila siku kidogo kidogo mwili unazoea na aleji inaisha, sasa anauliza aanze na nusu punje au robo. Dada yangu, usianze na chochote!

Sipingi tiba yenyewe, mi ndo kazi yangu hiyo, nazoesha watoto vyakula kwenye kliniki ya aleji huku Uingereza. Lakini angalia hesabu. Punje moja ya karanga ina protini kama miligramu 250 hadi 300. Sisi na ule unga wa karanga wa dawa tunaanza na nusu miligramu, siku ya kwanza tunaishia 6, mtoto yuko mbele ya macho yetu na adrenalini, ile sindano ya kuzima mshtuko wa aleji, iko mezani. Robo punje yako ni zaidi ya mara kumi ya hapo tunapoishia. Alafu tunapanda ngazi kila baada ya wiki mbili hadi 300, ni miezi kama sita mambo yakienda vizuri, na kila ngazi mpya inaanzwa kliniki.

Na tukifika hapo bado hajapona. Hili ndo linanichosha kuliko yote. Utafiti mkubwa uliotoka 2018 ulionyesha watoto kama 67 kati ya 100 waliotibiwa waliweza kula miligramu 600 kwa mpigo, waliopewa unga usio na karanga ni 4 tu kati ya 100, watu wakasoma hapo wakaanza kusema wamepona. Wale walipimwa wakiwa bado wanakula dozi yao kila siku! Ukiacha, kinga inaweza kupotea. Utafiti mwingine wa 2022 ulichukua wadogo kabisa, wa mwaka mmoja hadi chini ya minne, na hao ndo wanaitikia vizuri, asilimia 71 walikuwa wamezoea mwisho wa tiba ila baada ya kuacha karanga kwa wiki 26 waliobaki salama ni asilimia 21. Kwaiyo tunachonunua hapa ni usalama akikosea akala kipande cha keki ya mwenzake shuleni, sio ruhusa ya kumpa bakuli la mchicha wa karanga, na kalamu ya adrenalini haitoki kwenye begi.

Alafu kuna hili la "mbona jana alikula hakudhurika". Jana alikuwa mzima. Leo ana homa, au katapika, au kala dozi na tumbo tupu kisha kakimbilia mpira, au kaoga maji ya moto, au kapewa ibuprofeni, au hakulala vizuri, au pumu yake imechachamaa, au ni binti yuko kwenye siku zake, na dozi ileile aliyoimeza mwezi mzima bila shida inamvimbisha midomo na kumbana kifua. Ndo maana tunasumbua wazazi: dozi baada ya chakula, hakuna michezo wala maji ya moto kwa masaa matatu, asilale muda huohuo, akiumwa piga simu kwanza kabla hujampa. Grupu lenu halisemi hata moja ya haya.

Piritoni inatuliza muwasho tu. Akishindwa kupumua au akilegea ni adrenalini pajani, papo hapo, alafu ambulensi.

Nikiri kitu. 2019 tafiti za tiba hii ya karanga zilijumlishwa pamoja, ikaonekana watoto wanaotibiwa wanapata mishtuko mikali ya aleji mingi kuliko wanaoepuka tu karanga. Wazazi nawaambia hivo kabla hawajasaini, na wengine umio wao, ile njia ya chakula kutoka kooni, huvimba kwa sababu ya tiba tukasimamisha kila kitu. Mtoto ambaye familia yake inaepuka vizuri na hana hofu ya kula, mi mwenyewe hubaki na mashaka kama tunamsaidia au tunamwongezea mzigo.

Nahisi uvumi umetokea kwenye ule utafiti wa London wa 2015, vichanga 640, na kati yao waliolishwa karanga mapema ni wachache sana waliopata aleji. Ule ni wa kuzuia, kwa mtoto ambaye aleji bado haijashika. Wa kwako imeshashika.

Na kama ulishaanza kimyakimya, usipandishe tena, na usitufiche. Tupigie utuambie ulimpa nini, kiasi gani, tangu lini, na kama kuna siku alitapika, kukohoa au kutoka vipele. Hatutakugombeza, tunahitaji kujua pa kuanzia.