Si kila ndege mvumaji hunywa akiwa hewani

Wengi wetu tunaamini kwamba ndege mvumaji hatui mauani: huning'inia hewani, mabawa yakivuma, huku akifyonza nekta. Kwa spishi nyingi ni kweli. Lakini nenda Ekuador, kwenye miteremko ya mlima Chimborazo, umtazame Oreotrochilus chimborazo.

Dume ana kichwa cha zambarau inayong'aa na tumbo jeupe. Akifika kwenye kichaka cha chuquiraga, chenye maua ya rangi ya chungwa, hashindani na upepo. Hutua, akashika tawi kwa miguu iliyo mikubwa kuliko ya jamaa zake wengi, kisha akainamia ua, kama chozi wa kwetu afanyavyo kwenye mgomba. Sababu ni kwamba juu ya mita 3,500 hewa ni nyepesi; mabawa hukosa cha kuegemea, na oksijeni ni haba. Kuning'inia huko kunakula nguvu mno.

Usiku ndio unaonishangaza zaidi. Hujibanza penye kinga miambani, mapigo ya moyo yakapungua na joto la mwili likashuka sana. Ukimwona hivyo utadhani amekufa. Kukikaribia kupambazuka hutetemeka, mwili ukapata moto, akarudi mauani.